Matone Yaliyotazama Juu

Tela lilikuwa limeshatoka nusu. Mkia wake bado ulikuwa ndani ya uwanja wa kituo cha polisi, ulimi wake umepachikwa na kufungwa minyororo nyuma ya lori la kukokota, na lori lenyewe liko barabarani linanguruma na kutema moshi, dereva kaegemeza kiwiko dirishani, anatafuna kijiti. Pikipiki ilifika mbio, na kabla haijasimama vizuri abiria wake alikuwa ameshashuka, mwanamke wa makamo mwenye miwani, koti limejaa vumbi. Akaenda kusimama mbele ya bampa la lori kama nguzo.

"Zima."

"Afande, karatasi ninazo."

"Sijakuomba karatasi. Zima gari."

Dereva akazima. Kukawa kimya hata akasikika kuku akiparura nyuma ya jiko la kituo.

"Mimi mtu wa kutumwa tu," dereva alisema. "Nikiambiwa peleka skrepa, napeleka skrepa. Na wale jamaa hawalazi kitu. Likiingia getini kwao wanawasha gesi, jioni ukilitafuta unaonyeshwa vipande."

"Nani amekutuma?"

Dereva alihamishia kijiti upande wa pili wa mdomo, akaelekeza kwa kidevu gari dogo jeupe lililoegeshwa kivulini.

Inspekta hakuligeukia gari jeupe mara moja. Alilitazama kwanza tela. Katika miji yote ya njia ile hakuna mtu mzima aliyekuwa halijui. Lilikuwa refu, la bati, rangi ya kijani juu na ya maziwa chini, na ubavuni limechorwa miwani kubwa kuliko mlango, jicho moja limepauka kuliko jenzake kwa sababu ya kuegeshwa miaka mingi likipigwa na jua upande uleule. Kwa zaidi ya miaka thelathini lilizunguka na mtu aliyeitwa Bwana Miwani. Akifika mji anaegesha karibu na shule, anatundika ubao wa herufi, anapima macho ya watoto na ya walimu wao, kisha anaingia ndani kusaga lenzi kwa mashine nzito iliyofungwa kwa bolti sakafuni. Mkewe ndiye aliyepanga trei za lenzi na kukaza skrubu ndogo kwa kucha. Mdogo wake, aliyejulikana kwa wote kama Baba Mdogo, ndiye dereva. Watoto walilala humo humo, wakakua humo humo. Inspekta mwenyewe alivalishwa miwani yake ya kwanza kwenye ngazi ya tela hilo akiwa darasa la nne, na kitu cha kwanza alichokiona sawasawa ni kwamba mti wa shuleni una majani moja moja.

Walipozeeka wakatulia. Tela likawekwa nyuma ya nyumba, likawa la kuanikia nguo. Kisha mwaka huu mzee akashikwa na hamu ya kuzunguka mara moja ya mwisho, aone kama wale aliowavisha miwani utotoni bado wanaona. Akalipeleka kwa Fundi Taratibu, ng'ambo ya mlima. Fundi akang'oa springi zilizochoka akafunga nene, akatia shokabsoba ambazo tela halikuwahi kuwa nazo tangu liundwe, akaweka ekseli mbili mpya zenye breki kubwa za umeme. Safari ya kwanza tu, kwenye mteremko wa mlima, tela likaisukuma pikapu ya mzee, ambayo safari hii aliiendesha mwenyewe, kama mtu anavyosukumwa mgongoni kwenye foleni. Pikapu ikaacha barabara, ikagonga kalavati. Tela lenyewe halikupinduka. Mzee hakufika hospitali.

Mkaguzi wa magari aliandika kwa kifupi kwamba breki hazishiki inavyotakiwa na kazi ya fundi ni mbovu. Fundi Taratibu akawekwa mahabusu, na faili lake lilikuwa liende mahakamani kesho asubuhi kwa kusababisha kifo kwa uzembe. Hiyo ni jela, na kwa umri wake si jela ya kutoka. Aliyebaki hajaridhika ni Inspekta peke yake, na tela likishakatwa, hata yeye asingekuwa na la kuonyesha.

Mlango wa gari jeupe ulifunguka. Aliyeshuka alikuwa mtoto mkubwa wa marehemu, ambaye nyumbani na mtaani aliitwa Kifungua Mimba mpaka leo, ingawa kichwa kimeshaota mvi na ana kiti chake ofisi ya ardhi.

"Afande, sisi tumeshazika. Hili dude linakaa hapa la nini tena? Mkubwa wako ameruhusu."

"Ameruhusu kwa sababu ulimfuata nyumbani."

"Nilimfuata kwa adabu."

"Adabu yote hiyo ya haraka ni ya nini?"

Kifungua Mimba alitazama ukutani. Pale kwenye benchi la wageni alikaa mama yake, Mama Miwani, mtandio umeteremka begani, miguuni ana sanduku la vitu vilivyotolewa ndani ya tela: taa ya chemli, mapazia, ubao wa herufi. Kando yake alikaa Baba Mdogo, mrefu, mkavu, kofia mapajani. Ukucha wa dole gumba lake la kulia ulikuwa mweusi.

"Mama anapita hapa akienda sokoni," Kifungua Mimba alisema, sauti chini. "Kila akipita anasimama. Ungekuwa wewe ungeliacha?"

"Mimi nimetoka chini ya mlima sasa hivi," Inspekta alisema. "Upande wa kwenu. Kuna mama anauza soda kwenye kona ya mwisho. Anaikumbuka siku aliyokuja Fundi Taratibu kuwaletea tela. Ng'ombe walikatiza barabara, pale pale panapoteremka vibaya. Fundi akasimama papo hapo, gari na tela lake, ndama wa mwisho akapita anatikisa mkia. Yule mama anasema hata yeye alishangaa, dude lote lile. Kwa hiyo lilipoingia kwenu lilikuwa na breki. Lilipotoka kwenu halina. Katikati hapo nani aliingia chini yake?"

"Sijui."

"Jirani yenu anajua. Anasema alikuona wewe, asubuhi mapema, miguu tu ndiyo ilikuwa nje."

Dereva wa lori, ambaye alikuwa ameshuka akijifanya anakagua minyororo, aliacha kutafuna.

Kifungua Mimba alipitisha kiganja usoni. "Nilichomoa pini ya ulimi. Ile inayoshika tela kwenye gari. Nikaitupa chooni."

"Kwa nini?"

"Asiende. Mtu ana moyo mbovu, macho yenyewe ya kuazima, anataka kwenda kulala barabarani kama kijana. Nilimbembeleza wiki nzima. Nikaona nimwibie pini. Asubuhi akanikuta nimekaa barazani najifanya nasoma gazeti. Akacheka, akafungua boksi lake akatoa pini nyingine. Akaniambia, we mtoto, hili nimeishi nalo kabla yako."

"Hukugusa waya?"

"Afande, mimi hata tairi la baiskeli naita mtu."

"Baba Mdogo," Inspekta aliita bila kugeuka, "kuna pini nyingine ndani ya boksi la marehemu?"

"Zilikuwa nne," sauti ya benchini ilijibu. "Kaka hakuwa mtu wa kitu kimoja kimoja."

Ilikuwa kweli, na pini haina uhusiano na breki. Inspekta alimwambia Kifungua Mimba akae. Hakukaa. Alilisogelea tela akaweka mkono kwenye bati, chini ya dirisha dogo la nyuma.

"Hapa ndipo nilipokuwa nalala," alisema. "Chini ya trei za lenzi. Tukipita barabara mbovu zinalia zote pamoja, mfano wa mvua. Mpaka leo kitanda kikitulia sana sipati usingizi. Ukiniuliza nilisoma shule gani nakutajia barabara."

"Na bado umeleta lori."

"Ndiyo. Nimeleta lori."

Inspekta alimwomba dereva kipande cha boksi, akakitandika chini, akavua koti, akajilaza chali na kuingia chini ya tela akiwa na tochi.

Alianzia nyuma. Springi zilikuwa mpya, bado zina alama ya chokaa ya dukani. Shokabsoba zimekaa wima, hazivuji. Nati zote zimekazwa. Alipitisha kidole kwenye viungo, kikarudi na grisi safi, ya kutosha, iliyofutwa pembeni kwa kitambaa. Hii haikuwa kazi ya mtu mvivu. Waya za breki zilitoka kwenye gurudumu zikapita mbele ya ekseli, zimefungwa kwa mikanda ya plastiki, moja imeshachunwa na jiwe. Alizitazama kitambo. Kisha akamulika ekseli yenyewe.

Ilikuwa imepakwa rangi nyeusi ya kuzuia kutu, imepakwa nzito kwa brashi, na rangi ilikuwa imechuruzika kidogo na kukauka kabla haijadondoka. Matone madogo yamejipanga kwenye chuma kama chunusi. Inspekta alisogeza tochi karibu. Alisogea kwenye ekseli ya pili, akamulika na hiyo.

Matone yote yalikuwa yanatazama juu.

Alitoka chini ya tela, nywele zina majani makavu. "Mleteni Fundi," alimwambia askari wa zamu. "Na mtu asiiname hapa mpaka niseme."

Fundi Taratibu aliletwa na pingu mikononi, anashikilia suruali kwa sababu mkanda walishamvua. Jina lile alipewa na wateja: ukimpelekea gari, usimuulize siku. Alipowaona Mama Miwani na Baba Mdogo benchini alisimama.

"Shikamoo, mama. Poleni sana."

"Marahaba, Fundi," mama alisema. Kifungua Mimba aligeuza uso pembeni.

"Simama hapo hapo," Inspekta alimwambia Fundi. "Usiangalie chini ya tela. Nataka unijibu kwa kumbukumbu. Ekseli ulizifungaje?"

"Chini ya springi, Afande. Springi inaikalia ekseli. Tela linanyanyuka, tumbo halikwangui barabara. Mzee alikuwa analalamika tumbo linakwangua."

"Waya za breki zilipita wapi?"

"Nyuma ya ekseli. Mbele mawe yanarushwa."

"Siku zote nyuma?"

"Mimi nina mke mmoja na namna moja ya kufunga waya."

Dereva wa lori alicheka puani. Inspekta hakucheka.

"Rangi ulipaka lini?"

"Nikishamaliza kufunga. Nyeusi. Nilipaka nzito, ikachuruzika kidogo, sikuifuta. Sasa mtu anafungwa kwa kuchuruzisha rangi?"

"Ilichuruzikia wapi?"

"Chini, Afande. Ingechuruzikia wapi?"

"Inama uangalie."

Fundi alipiga magoti kwa shida, pingu mbele, akaingiza kichwa. Alikaa hivyo muda mrefu. Alipotoa kichwa hakumtazama Inspekta, alilitazama tela kama mtu anayemkuta mwanawe kavalishwa nguo za mtu mwingine.

"Nani amezipindua?"

"Hilo ndilo ninalouliza mimi. Kwanza niambie, ekseli hii ikipinduliwa na breki zake, juu ikawa chini, breki inakuwaje?"

Fundi aliinua mikono yote miwili, viganja vimetazamana. "Ndani ya gurudumu kuna viatu viwili vya breki. Kifupi hiki kinakaa mbele, kirefu hiki kinakaa nyuma. Cha mbele kikigusa kinamsukuma mwenzake, mwenzake ndiye anauma. Ukipindua ekseli, wa mbele anakwenda nyuma, wa nyuma anakuja mbele. Hapo ukirudi kinyumenyume breki inauma sawasawa. Ukienda mbele inakubembeleza tu. Barabara tambarare hujui. Mteremkoni ndiyo unajua."

"Tutaona," Inspekta alisema. Akamgeukia dereva. "Betri ya lori lako nzima?"

"Nzima kuliko mimi."

"Vuta waya mbili, uziunge na hizi za tela. Breki zikiwa zimeshika, livute mbele. Kisha lirudishe."

"Afande, nikiunguza waya nani analipa?"

"Nitakuandikia barua ya shukrani."

Dereva alinung'unika, lakini mikono yake ilikuwa imeshaanza kazi. Naye alikuwa anataka kujua. Waya ziliungwa. Ndani ya magurudumu kukasikika mlio mdogo wa kushika. Lori likaondoka polepole, na tela likalifuata. Liligoma kidogo, likalalamika, kisha magurudumu yakazunguka, yakaja nalo mpaka nje ya geti. Inspekta alinyanyua mkono. Dereva akatia rivasi.

Safari hii magurudumu hayakuzunguka. Yalikita. Lori likasukuma, na matairi ya tela yakaburutwa juu ya kokoto yamekufa kabisa, yakichora mistari miwili mirefu, mpaka dereva akaacha mwenyewe kwa kuogopa kuvunja kitu.

"Haya," dereva alisema, ametoa kichwa dirishani. "Mimi sisemi kitu."

Askari wa zamu alimfungua Fundi pingu bila kuambiwa, kisha akakumbuka, akamtazama Inspekta. Inspekta akatikisa kichwa kukubali. Lakini hakuwa amemaliza. Alirudi kusimama katikati ya uwanja, akawa anasema taratibu, kama anayepanga vyombo kabatini.

"Mtu anayetaka kuua hapati shida hii. Anakata waya moja, anakwenda zake kunywa chai. Huyu amepiga jeki, amefungua nati zote, ameshusha ekseli mbili nzito, amezigeuza, amezirudisha juu ya springi. Kazi ya watu wawili, ya siku nzima. Halafu kakaza kila nati, katia grisi, kafuta iliyozidi. Huyu alikuwa anatengeneza. Alitaka kitu. Fundi, ekseli ikiwa juu ya springi badala ya chini, tela linapata nini?"

"Hakuna linachopata. Linashuka tu." Fundi aliweka kiganja juu ya goti, akakiteremsha katikati ya ugoko. "Kiasi hiki."

Inspekta aliutazama mlango wa tela, na ngazi yake fupi ya chuma iliyo karibu na ardhi. Kisha akalitazama benchi.

"Baba Mdogo. Dole gumba hilo limepigwa na nini?"

Mzee aliinuka kabla swali halijaisha, kana kwamba alikuwa analingoja. Kofia ilianguka. Hakuiokota.

"Nyundo," alisema. "Ni mimi. Nilizipindua mimi, peke yangu. Kaka hakujua lolote. Mwacheni huyu Fundi aende kwake, nifungeni mimi."

"Peke yako, ekseli mbili?"

"Nina nguvu zangu."

"Kwa nini?"

"Lilikuwa refu mno. Lilikuwa linagusa waya wa umeme pale kwenye njia ya kutokea nyumbani."

"Baba mdogo, waya gani?" Kifungua Mimba alisema. "Nguzo zote ziko upande wa shule."

"Wewe huijui ile njia."

"Nimezaliwa pale."

"Ulizaliwa humu," Baba Mdogo alisema na kulinyooshea tela kidole, "na nilikuwa naendesha mimi. Kwa hiyo usinifundishe njia." Alimgeukia Inspekta. "Andika waya wa umeme, Afande. Inatosha. Nimeshakubali, unataka nini zaidi? Andika hivyo, tufunge."

"Shemeji, nyamaza."

Mama Miwani hakupandisha sauti. Aliushika ukingo wa benchi, akajikaza, akainuka kwa awamu kama wanavyoinuka watu wa magoti. Alipita katikati yao mpaka mlangoni mwa tela. Inspekta alitaka kumshika mkono, mama akautoa mkono wake kwa upole.

"Fundi alipolileta lilikuwa zuri," alisema. "Nilimsifu, mwenyewe shahidi. Lakini lilikuwa juu. Nilipanda kwa kreti la soda, tena huyu kanishika huku, yule kanishika huku, kama bibi harusi aliyelewa. Usiku nikamwambia mzee, nenda na mdogo wako, mimi nibakie. Kila mji kreti, kila siku kreti, nitawachelewesha. Hakunijibu. Nikaenda kumuaga dada yangu, nikalala huko."

Aliweka mguu kwenye ngazi. Akaweka wa pili. Akawa ndani, amesimama mlangoni, anawatazama wote kutoka juu kidogo.

"Asubuhi ya safari nilirudi nikaingia kupanga trei. Hivi hivi. Mguu, mguu, nimo ndani. Kreti halipo, mkono wa mtu haupo. Nikasimama hapa nikasema, jamani, magoti yangu yamepona. Wao wawili wako pale chini, wananuka grisi, wanatazamana na kucheka kama watoto walioiba sukari. Mimi nilidhani wanafurahi kwamba nimepona."

Barabarani lilipita gari, likaenda.

"Kaka alisema nisikwambie," Baba Mdogo alisema hatimaye. "Alisema ukijua utaona tumekuhurumia, utakataa kuja. Alisema, bila yeye nitazunguka na nani, na wewe? Uso wako nimeshauchoka." Alijaribu kucheka, ikashindikana. "Na tulilijaribu, shemeji. Naapa tulilijaribu. Kaka akatia rivasi pale kwenye kichuguu cha uani, akakanyaga, likakita kama limepigwa msumari. Ndivyo tulivyojaribu miaka yote. Kila mji tukifika tunaliingiza kinyumenyume, nakanyaga, likikita tunalala. Halikuwahi kutudanganya."

"Zile breki za zamani zilikuwa nyingine," Fundi alisema, karibu kwa kunong'ona. "Zile uende mbele, urudi nyuma, zinashika sawa. Mngenipigia simu tu. Ningekuja kulishusha kwa kuchomelea vikalio upande wa pili, ekseli isipinduke."

"Kaka alisema utachelewa."

Fundi Taratibu aliinamisha kichwa.

Kifungua Mimba alikwenda kukaa kwenye ngazi ya tela, chini ya miguu ya mama yake, suti na yote. Mama akaweka mkono kwenye mvi zake. Basi lake, alisema bila kumlenga mtu, huwa linapita mlimani baada ya tela. Yeye tumbo lake halistahimili zile kona, ndiyo maana siku zote alikwenda kwa basi, na mzee akifika chini anamngoja kituoni na chai imeshachemka. Siku ile aliiona ile rangi ya kijani kwa mbali, pembeni ya barabara, akamwambia shemeji yake, aliyekuwa anamsindikiza kwa basi: leo katungojea karibu.

Inspekta alivua miwani akaifuta, akaivaa tena. "Mama, haya yote itabidi niyaandike. Nikiyaandika, Fundi anatoka. Nisipoyaandika, kesho anasomewa mashtaka."

"Yaandike, mwanangu. Fundi ana mke ananingojea nimseme vibaya kila tukikutana sokoni. Andika kwamba ilikuwa kwa ajili yangu."

"Sheria haina pa kuandika hivyo."

"Basi pachonge."

Inspekta alichukua maelezo pale pale, kwenye benchi, kwanza ya Baba Mdogo, kisha ya Fundi, kisha ya mama. Dereva wa lori alitia sahihi kama shahidi wa jaribio la breki. Picha za ekseli zilipigwa kwa pande zote, na alama za matairi kwenye kokoto zikapimwa kabla watu hawajazikanyaga. Jua lilikuwa bado juu walipomaliza.

Fundi Taratibu aliachiwa siku ile ile. Faili la uzembe lilifungwa. Alirudi gereji kwake akaendelea na matela mpaka macho yalipomchoka, kisha akamwachia shemeji yake, ambaye ni mwepesi zaidi na ana wateja wengi zaidi.

Baba Mdogo alihojiwa mara kadhaa, akapewa onyo, hakushtakiwa. Hakuendesha tena gari. Alihamia kwa binti yake kwenye mji wa viwanda, akawa analinda duka la vitambaa mchana. Alifariki kwa homa ya mapafu.

Kifungua Mimba alipandishwa cheo ofisi ya ardhi, akahamishwa, akastaafu. Ana wajukuu.

Mama Miwani aliishi kwa dada yake. Aliandikiwa dawa za magoti, alizimeza, hazikusaidia sana. Alizikwa kando ya mumewe.

Mashine ya kusagia lenzi ilifunguliwa sakafuni ikapelekwa hospitali ya wilaya, ambako inatumika. Tela lilikatwa. Mkaguzi wa magari alihamia idara ya leseni. Dereva wa lori la kukokota aliacha kazi hiyo, akaendesha basi la shule.

Inspekta alipewa kesi ya wizi wa nyaya za simu, akaimaliza, akapewa nyingine.